Kompyuta inayojizima: itazame inavyokufa kabla hujashika bisibisi

"Fundi, inajizima tu yenyewe." Maneno hayo nayasikia karibu kila wiki, na nikimuuliza mteja inajizimaje, ananitazama kama namtania. Kuzima si kuzima?

Siyo. Joto linahitaji muda wa kupanda. Ikichapa kazi dakika ishirini ikakata, ukaiwasha papo hapo ikakata mapema zaidi, kisha ukaipumzisha nusu saa ikarudi kama haijawahi kuumwa, hilo ni joto. Ikifa sekunde chache tu baada ya kuwashwa, angalia kama hitisinki, kile chuma chenye mapezi kinachonyonya joto, imegusa prosesa, halafu ishuku pawa saplai, kisanduku kinachoipa mashine umeme. Na ikikata kila printa ya leza inapoanza kutoa karatasi, usifungue kitu. Printa hiyo ina roli inayopashwa moto, na wakati wa kuipasha huvuta umeme mwingi kwa mkupuo. Zikichangia ekstensheni moja nyembamba, volti zinashuka na kompyuta inakata. Nimewahi kuhamisha plagi tu, nikalipwa soda.

Mwezi uliopita mama mmoja mwenye steshenari aliniletea boksi lake. (Mtaani boksi lote tunaliita sipiyu, ingawa sipiyu yenyewe ndiyo prosesa, kile kichipu cha ukubwa wa biskuti kilichomo ndani.) Asubuhi linafanya kazi, ikikaribia saa sita mchana linazima. "Mwanangu, mteja kabakiza mstari mmoja wa barua ya kazi, kioo kikawa cheusi!"

Niliweka HWMonitor, programu ya bure inayosoma joto la prosesa. Kwa hali ya hewa ya Dar, ambapo chumba chenyewe kinaweza kuwa nyuzi 32, kompyuta iliyotulia ikisoma 45 sina ugomvi nayo. Ikiwa kazini, 70 na kitu ni sawa. Ikikaa juu ya 90, kuna tatizo. Prosesa nyingi za Intel zimewekewa kikomo cha karibu nyuzi 100: zikikaribia hapo hujipunguza kasi zenyewe, na joto likizidi kupanda mashine hukatwa ili kichipu kisiungue. Ya mama ilisoma 97.

Nikaifungua. Vumbi lilikuwa limeshonana kati ya mapezi ya hitisinki kama sufi ya mto. Nikachomoa waya wa umeme, nikalitoa boksi nje, nikapuliza kwa bloa huku nimezuia feni kwa kidole isizunguke ovyo. Upepo wa kompresa ya fundi tairi siutumii, kwa sababu una maji. Nikafuta kwa spiriti pesti iliyokauka, ile inayopakwa kati ya prosesa na hitisinki ili joto lipite, nikaweka mpya kiasi cha punje ya njegere, nikafunga. Mama akalipa, akaondoka.

Siku ya tatu akarudi nalo. Hakusema neno, aliliweka tu mezani.

Kosa lilikuwa langu: nilisoma nambari, sikutazama mwendo wake. Vumbi na hewa isiyotoka hupandisha joto taratibu, nyuzi moja moja, dakika hadi dakika. Hii nilipoipa kazi nzito iliruka kutoka 48 hadi 95 kabla sijamaliza kuvuta kiti. Joto likiruka namna hiyo, maana yake halitoki kwenye prosesa kwenda kwenye chuma kilichoko juu yake, na hapo hata uweke feni kumi ni kazi bure.

Hitisinki nyingi za kawaida hushikwa na pini nne za plastiki zinazopenya kwenye madabodi, ule ubao mkuu wa saketi. Nilipoigusa kwa kidole ilicheza kidogo, kama jino la mtoto. Pini moja ilikuwa na ufa usioonekana kwa juu, inaingia lakini haishiki. Kuitoa, pesti yangu mpya upande mmoja imebanwa hadi ikawa utando, upande wa pili imebaki nene vilevile nilivyoipaka. Nikatafuta pini nzima kwenye mabaki, nikafuta, nikapaka upya, nikabana kwa kupishana pembe. Nikaitesa saa nzima kwa kazi nzito: haikuvuka 74. Hela ya mara ya pili sikuichukua, ingekuwa aibu.

Nikalibeba mwenyewe hadi dukani, maana nilitaka kuona linapokaa. Liko ndani ya kabati la meza, mlango umefungwa, na juu yake kitambaa cha kudarizi kimeshuka hadi kuziba matundu ya nyuma. Tukalitoa, tukaliacha kiganja kizima mbali na ukuta. Kitambaa mama akakitandika juu ya printa.

"Mama, na hiyo nayo inapumua."

Akacheka, akakikunja, akakitia kwenye mkoba.