Mvuvi wa dagaa naye ni mtaalamu: maoni ya wataalamu katika utafiti wa afya na tabia

Dodoso la PHQ-9 linatumika sehemu nyingi duniani kupima dalili za sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Lina maswali 9 yanayohusu wiki 2 zilizopita, na kila jibu hupewa alama 0 hadi 3, hivyo jumla ya juu kabisa ni 27. Alama 10 ndiyo mpaka unaotumiwa sana kumtambua mtu anayehitaji kuchunguzwa zaidi.

Sasa lipeleke dodoso hilo mwalo (mahali wavuvi wanaposhushia samaki) wa Igombe au Kayenze, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, wakati wa giza, yaani siku zisizo na mbalamwezi, umhoji mvuvi wa dagaa. Usiku kucha yuko majini na taa zake, asubuhi anashusha mzigo, mchana analala kwa vipande vipande. Ukimuuliza kama amepata shida ya usingizi, atajibu "karibu kila siku". Ukimuuliza kama amejisikia mchovu, jibu ni lilelile. Tayari ana alama 6, na kuhusu huzuni bado hujamuuliza. Mrudie baada ya siku za mbalamwezi kali, kazi ikiwa imepungua au imesimama, na alama zake zinaweza kushuka bila hali ya moyo wake kubadilika hata kidogo. Mtafiti asiyelijua hilo ataandika kwamba sonona imeenea mwaloni, au, kibaya zaidi, kwamba mafunzo aliyoyatoa katikati ya vipindi hivyo viwili yameiponya.

Kosa la aina hii halirekebishiki kwa kompyuta baada ya takwimu kukusanywa. Huzuiwa mapema, kwa kumpata mtu anayeijua kazi ya dagaa akalisoma dodoso kabla halijachapwa. Huyo ndiye mtaalamu, na maoni yake ni sehemu ya utafiti sawa na mizani au darubini.

Tunaposema mtaalamu, wengi hufikiria daktari bingwa wa hospitali ya Bugando au mtafiti wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Hao wanahitajika kweli. Lakini jopo la kukagua dodoso la afya ya akili kwa wavuvi linahitaji ujuzi wa aina tatu tofauti: wa ugonjwa wenyewe (daktari wa afya ya akili, msaikolojia, muuguzi wa zahanati), wa upimaji (mtakwimu, mtu aliyewahi kutengeneza madodoso), na wa maisha yanayoulizwa (kiongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia uvuvi mwaloni, mvuvi mzoefu, mama anayeanika na kuuza dagaa, mhudumu wa afya ngazi ya jamii). Aina hii ya tatu ndiyo inayosahauliwa, au inaitwa siku ya mwisho kuja "kutoa baraka" tu.

Lugha peke yake inatosha kuonyesha kwa nini. Uchunguzi uliofanywa Bagamoyo miaka ya 1990 ulionyesha kwamba degedege ilichukuliwa na jamii kuwa ugonjwa wake wenyewe, tofauti na homa ya malaria, na wazazi wengi walianzia kwa mganga wa jadi. Dodoso linalouliza tu "mtoto alipopata malaria ulimpeleka wapi?" litawakosa watoto wote waliougua degedege, ingawa mhojaji na mama wote wanazungumza Kiswahili safi. Huku ziwani, neno rahisi kama "kwenda ziwani" linaweza kuleta shida hiyohiyo katika utafiti wa kichocho. Mvuvi analielewa kuwa ni kwenda kuvua. Mama anayeosha vyombo ufukweni kila asubuhi anaweza kujibu "siendi", hali miguu yake iko kwenye maji ya kina kifupi wanamoishi konokono wanaoeneza kichocho. Uliza "huwa unakanyaga maji ya ziwa? kwa shughuli gani?" na jibu litabadilika. Kumbuka pia kwamba Ukerewe na Sengerema si kila mtu anaota ndoto zake kwa Kiswahili. Tafsiri ya Kisukuma au Kikerewe ikaguliwe na mzungumzaji wa lugha hiyo ambaye hakuitafsiri yeye.

Namna ya kuyakusanya maoni hayo ina utaratibu. Kwanza andika ufafanuzi wa kinachopimwa, sentensi mbili tatu, na uuambatanishe na dodoso. Asiyepewa ufafanuzi hupima kile kilichomo kichwani mwake. Kisha kila mjumbe, akiwa peke yake, alipatie kila swali alama 1 hadi 4: 1 halihusiki, 2 linahitaji marekebisho makubwa, 3 linahusiana ila lirekebishwe kidogo, 4 linahusiana kabisa. Alama ni nne kwa makusudi. Zikiwa tano, wengi hukimbilia ya katikati wakakwepa kuamua. Pembeni acha nafasi ya mjumbe kueleza sababu, maana hapo ndipo penye faida kubwa kuliko namba zote. Mjumbe asiyesoma vizuri asomewe, na maneno yake yaandikwe kama alivyoyasema.

Hesabu yake ni nyepesi. Kwa kila swali, chukua idadi ya waliotoa 3 au 4, ugawe kwa idadi ya wajumbe wote. Katika jopo la watu 6, wakikubali watano unapata 0.83, wakikubali wanne, 0.67. Kigezo kilichozoeleka ni kwamba jopo la watu 6 hadi 10 lifikie angalau 0.78, na jopo la watu 5 au pungufu likubaliane wote, yaani 1.00. Ukali huo una sababu. Wajumbe 3 wakijibu kwa kurusha sarafu, uwezekano wa wote kukubali kwa bahati tu ni 1 kati ya 8, na hiyo ni bahati kubwa mno kuiamini. Kwa dodoso zima, wastani wa maswali yote unatakiwa usipungue 0.90, lakini usiutazame wastani peke yake, kwa sababu unaweza kulificha swali moja bovu katikati ya mazuri kumi.

Kuna mtego mwingine ambao hesabu haiwezi kuuona. Turudi kwenye lile swali la usingizi. Madaktari na watafiti watano watalipatia alama 4, kwa kuwa usingizi ni dalili halali ya sonona. Mwakilishi wa wavuvi atalipatia alama 1. Matokeo ni 0.83, swali limepita, na bado litamdanganya kila atakayelitumia wakati wa giza. Ujuzi ulioko kwa mjumbe mmoja tu haupigiwi kura. Anayepinga asomwe kwanza, na sababu yake ijibiwe kwa maandishi. Hapa hakuna haja ya kulifuta swali. Mhojaji aulize kama shida ya usingizi ni ya usiku wa kazi au hata wa mapumziko, na mahojiano yote yapangwe siku zilezile za mwezi, kabla na baada. Swali jingine la dodoso hilo linatoa mfano wa kusoma gazeti na kutazama televisheni ili kupima umakini. Kwa watu hawa, kushona nyavu au kusikiliza redio ni mfano unaoeleweka zaidi, ila badiliko kama hilo lijaribiwe kwanza: waombe watu wachache, kumi hivi, warudie swali kwa maneno yao wenyewe, usikie wameelewa nini.

Heshima yetu kwa wakubwa ni jambo jema, lakini mezani inaharibu kazi. Profesa akishasema, muuguzi hanyanyui mkono, na mvuvi ataitikia kwa adabu kisha aende zake na ujuzi wake. Ndiyo maana mbinu ya Delphi, iliyobuniwa na taasisi ya RAND ya Marekani miaka ya 1950, inawatenga wajumbe. Kila mmoja hujibu kwa siri. Mratibu hukusanya, hurudisha muhtasari usio na majina, na kila mmoja huombwa kufikiria upya na kueleza kwa nini amebadilika au amebaki alipo. Mizunguko 2 au 3 kwa kawaida inatosha. Kiwango cha makubaliano, mara nyingi asilimia 70 hadi 80, kiandikwe kabla ya mzunguko wa kwanza. Kikichaguliwa baadaye, mratibu anajichagulia jibu. Wanaofanya kazi hii kwa simu wasifungue kundi la WhatsApp, maana siri inakufa ujumbe wa kwanza ukitumwa. Mtumie kila mtu peke yake.

Makadirio nayo huombwa kwa wataalamu. Tuseme mtaalamu amekadiria asilimia 10 ya watu katika mwalo wana tatizo fulani. Ukitaka usahihi wa kupungua au kuzidi asilimia 5, hesabu ya kawaida inakupa sampuli ya watu 139. Ukifika ukakuta ni asilimia 30, sampuli ileile inakupa usahihi wa asilimia 7.6, si 5 uliyoahidi. Basi muulize kwanza cha chini kabisa anachoweza kukiamini, kisha cha juu kabisa, na mwisho kinachoelekea zaidi. Akitaja namba moja mwanzoni, zitakazofuata zitaizunguka hiyo. Kisha panga sampuli kwa makadirio yaliyo karibu zaidi na asilimia 50, maana ndiyo yanayodai watu wengi.

Pamoja na hayo yote, maoni hayawezi kukaa mahali pa ushahidi uliopimwa. Kwa miaka mingi wataalamu waliamini kwamba mtoto mwenye homa kali na dalili za mshtuko wa mzunguko wa damu aongezewe maji haraka kwenye mshipa. Jaribio la FEAST, lililofanyika Kenya, Uganda na Tanzania na kuchapishwa 2011, liliwapima watoto 3,141 wa aina hiyo. Ndani ya saa 48 walikufa asilimia 10.5 hivi ya walioongezewa maji haraka, na asilimia 7.3 ya wasioongezewa. Waliokuwa na maoni yale hawakuwa wazembe. Ni kwamba tu hawakuwa wamepima.

Katika tabia ni hivyohivyo. Mpango wa MEMA kwa Vijana ulijaribiwa katika jamii 20 za vijijini mkoani Mwanza kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, ukiwa na masomo shuleni na huduma rafiki kwa vijana. Maarifa ya vijana yaliongezeka waziwazi, lakini maambukizi ya VVU hayakupungua kwa namna inayoonekana. Kama wangeulizwa wataalamu peke yao, au vijana wenyewe juu ya tabia zao bila kupimwa damu, picha ingekuwa ya kufurahisha na isiyo kweli.

Mtaalamu anarudi tena matokeo yakishatoka, kuyasoma. Jaribio la Mwanza lililochapishwa 1995 lilionyesha kuwa kuboresha matibabu ya magonjwa ya zinaa katika vituo vya afya kulipunguza maambukizi mapya ya VVU kwa asilimia 40 hivi. Miaka 4 baadaye, jaribio la Rakai nchini Uganda, ng'ambo ya pili ya ziwa, liliwatibu watu wote magonjwa ya zinaa kwa pamoja kila baada ya miezi 10 na halikupata punguzo lolote la VVU. Aliyeangalia namba tu angesema mmoja kakosea. Waliozijua jamii hizo mbili walionyesha kwamba ugonjwa wa VVU huko Rakai ulikuwa umekomaa na kuenea zaidi, na kwamba huduma inayopatikana kila siku anapougua mtu si sawa na dawa ya mara moja moja. Maelezo hayo nayo yalichukuliwa kama dhana, yakapimwa zaidi.

Kwa hiyo ripoti ikiandika "kwa mujibu wa wataalamu", msomaji ana haki ya kuuliza: walikuwa wangapi na wa fani zipi, waliulizwa pamoja au mmoja mmoja, nani alilipwa na nani, waliokataa walisema nini, na je, kuna yeyote kati yao aliyewahi kukesha majini usiku wa giza?