Ami kamlea au kamfuga? Filamu ya Alex Rider mbele ya watazamaji wa Ngamiani

Kazi yangu ni kutafsiri sinema kwa mdomo. Nakaa pembeni ya picha, maiki mkono mmoja, mwingine kwenye kitufe cha sauti. Mzungu akifungua kinywa nashusha sauti yake na kupandisha yangu. Gari likilipuka naliacha lilipuke lenyewe. Nimeifanya kazi hii miaka kumi na saba katika mabanda ya video ya Ngamiani, hapa Tanga. Anayetafsiri hivi husikia jambo ambalo mwandishi wa maneno ya chini ya picha halisikii: namna benchi linavyopumua. Najua kunyamaza kwa hofu na kunyamaza kwa kuchoka, na havifanani hata kidogo.

Likizo iliyopita nilionyesha Stormbreaker, filamu ya Uingereza ya mwaka 2006 iliyotolewa katika riwaya ya Anthony Horowitz ya mwaka 2000. Niliionyesha mara tatu: mchana kwa watoto, jioni kwa wanafunzi wa sekondari, na usiku kwa watu wazima waliokuja, nadhani, kwa sababu umeme wa kwao ulikuwa umekatika. Maoni niliyoyakusanya yalinifanya nirudi kwenye riwaya, kisha nirudi kwenye filamu, na mwisho nibadilishe tafsiri yangu mwenyewe.

Kwa asiyeijua hadithi: Alex Rider ana miaka 14. Ni yatima wa baba na mama. Anaishi London na Ian Rider, ndugu wa baba yake, pamoja na dada wa Kimarekani anayetunza nyumba, Jack Starbright. Ian hujulikana kama mtu wa benki, anayesafiri sana. Siku moja anakufa, na Alex anagundua kwamba marehemu alikuwa jasusi wa MI6, shirika la ujasusi la Uingereza. Wakubwa wa MI6 wanamtaka mtoto akamalizie kazi aliyoiacha: aingie kwa tajiri anayetaka kuzigawia shule zote za Uingereza kompyuta za bure, ambazo ndani yake kumefichwa ndui.

Neno la kwanza lililonishinda halikuwa la kijasusi. Lilikuwa la undugu. Kiingereza kina neno moja kwa kaka wa baba na kaka wa mama. Siku ya watoto nilisema "mjomba", kama wanavyosema watafsiri wengi, nikasonga mbele. Bibi anayeuza bajia mlangoni, ambaye hata haangalii picha vizuri, akauliza kwa sauti: "Kwani huyo mtoto kwa baba yake hamna watu?"

Alikuwa na haki. Ukisema mjomba, umeshaondoa upande mzima wa ukoo. Ningesema baba mdogo au baba mkubwa ningelazimika kujua nani alizaliwa kwanza, na filamu haisemi. Jioni nikatumia neno la kwetu pwani, ami. Ami hadai umri, anadai wajibu. Ndipo mazungumzo yote yalipobadilika.

Watoto wa mchana, kwanza, waliipenda bila masharti. Walipenda mapigano ya kwenye uwanja wa magari mabovu, Alex anapowazungusha watu wazima kwa kamba. Kijana mmoja wa darasa la sita akasema, "Anko, ngumi hizi za Kichina." Sikio, au tuseme jicho, lake ni zuri sana: aliyepanga mapigano ya filamu hii ni Donnie Yen, yule yule ambaye miaka miwili baadaye aliigiza Ip Man, na ambaye watoto wa Ngamiani wanamjua kuliko waziri yeyote. Walipenda farasi wanaokimbia katikati ya magari ya London. Walipenda dawa ya chunusi inayoyeyusha chuma. Na walipenda konyeza. Alex anapotumbukizwa kwenye tangi la konyeza mkubwa mwenye nyuzi ndefu, nusu ya benchi la mbele walipandisha miguu juu, maana ni watoto wanaoogelea Raskazone na wanajua uchungu wake. (Kiumbe yule kitaalamu si konyeza hasa. Ni kundi la viumbe vidogo vilivyoshikana vikaishi kama mwili mmoja, na jamaa zake hufika mpaka bahari yetu. Hilo nililisema katikati ya picha, na lilisikilizwa kuliko maneno ya waziri mkuu wa kwenye picha.)

Nilipowauliza watoto baadaye kama Alex aliogopa, walinishangaa. Aogope nini? Ni stelingi.

Jibu hilo ndilo lililomkera binti wa kidato cha tatu aliyekuja jioni. Alikuwa ameisoma riwaya, nakala iliyolegea kurasa ambayo imepita mikono mingi shuleni kwao, na alikaa muda wote amekunja mikono. "Mwalimu," akaniambia (wengi wao huniita hivyo), "kwenye kitabu Alex anaogopa kila ukurasa. Hapa hana hata jasho." Wenzake wakambishia kwamba kitabu ni kitabu na picha ni picha. Ubishi ukawa mkali, nikaona afadhali niichukue nakala yake niisome.

Nilisoma siku mbili. Binti alikuwa ameona jambo la kweli, ingawa nadhani sababu yake siyo aliyoitaja.

Riwaya inaanza na kengele ya mlango saa tisa usiku. Msomaji wa kwetu haelezwi maana ya hodi ya saa hiyo. Polisi wanaleta habari: Ian kafa kwa ajali ya gari, hakuwa amefunga mkanda. Hapo hapo Alex anashtuka, kwa kuwa ami yake alikuwa mtu wa kusisitiza mkanda hata kwa safari fupi. Kutoka kwenye mkanda huo mmoja mtoto anaanza kuchimba: ofisi ya marehemu imetolewa kila kitu, gari linatafutwa, gari linaonekana, na mlangoni mna matundu ya risasi. Sisi hatujui lolote ambalo Alex hajalijua. Akijikwaa tunajikwaa naye.

Filamu inaanza kinyume. Alex yuko darasani anasimulia habari za ami yake asiye na mambo, huku sisi tukimwona huyo ami akikimbizwa kwa gari mpaka anapigwa risasi na muuaji anayening'inia kichwa chini kutoka kwenye helikopta. Ni mwanzo wa kishindo, na Ewan McGregor aliyeigiza Ian anapendeza. Lakini angalia kilichopotea. Polisi wanapokuja mlangoni, sisi tumeshajua. Mkanda hauna kazi tena. Matundu ya risasi si habari. Mtazamaji ametangulia mbele ya mtoto na anamsubiri afike, na mtu unayemsubiri huwezi kuogopa pamoja naye. Hofu ya Alex imepotea hapo, ndani ya dakika chache za mwanzo. Alex Pettyfer, aliyekuwa kijana mdogo kweli alipoigiza, hana kosa. Angetoa jasho ndoo nzima na bado watoto wangu wangesema stelingi haogopi.

Sisemi filamu imekisaliti kitabu. Horowitz mwenyewe ndiye aliyeandika mswada wa filamu, na mtu ana ruhusa ya kuivunja nyumba yake akaijenga upya. Tena yako mabadiliko ninayoyaunga mkono kwa moyo wote. Adui wa riwaya, yule tajiri wa kompyuta, Herod Sayle, ametoka Mashariki ya Kati, na shuleni Uingereza alidhihakiwa kwa asili yake. Chuki iliyomkaa tangu utotoni ndiyo inayomfanya atake kuwaua watoto wa shule. Filamu imemgeuza kuwa Darrius Sayle, Mmarekani, akaigizwa na Mickey Rourke. Katika mji kama wetu, wenye familia za asili ya Yemeni na Oman mitaa yote, sikutaka kumtafsiria mtoto adui ambaye jina na sura yake vinafanana na vya babu wa jirani. Kidonda cha kuonewa shuleni kimebaki, na kimebaki wazi zaidi. Wanafunzi wa bweni walilizungumza hilo kwa muda mrefu kuliko mapigano yote. Mmoja alisema anamchukia Sayle lakini anamjua.

Usiku wa watu wazima ndio ulionifunza zaidi. Nilitumia ami tangu mwanzo. Wakati MI6 wanapomweleza Alex kwamba yale mafunzo yote aliyopewa tangu udogoni, kupiga mbizi, kupanda milima, karate, lugha za kigeni, hayakuwa michezo ya likizo bali maandalizi, mzee mmoja aliyefanya kazi bandarini mpaka kustaafu akasema taratibu, kama anayejisemea: "Sasa huyo ami kamlea au kamfuga?"

Hakuna aliyecheka. Mtu akajibu kwamba kamlea, kampa kila kitu. Mwingine akasema hata mbuzi wa Idi hulishwa vizuri. Yule bibi wa bajia, ambaye sasa alikuwa ameingia ndani kabisa, akasema, "Yatima hadeki," na alisema kwa uchungu.

Kisha ikafika ofisi ya Alan Blunt, mmoja wa wale wakubwa wa MI6. Alex anakataa kazi. Blunt hamwombi wala hamshawishi. Anamtishia kupitia Jack, kwamba karatasi zake za kuishi Uingereza zinaweza kukataliwa akaondoshwa nchini. Jack ndiye mtu pekee aliyebaki kwa huyo mtoto. Bill Nighy anaigiza ubaridi wa Blunt vizuri sana, hana hata haja ya kupaza sauti. Watoto wa mchana walilipita tukio hili wakila karanga. Wazee walikasirika hasa. "Serikali nzima hiyo haina mtu mzima wa kumtuma?" Walikasirikia MI6 kuliko walivyomkasirikia Sayle, na mpaka mwisho wa picha hawakuwasamehe.

Mimi naona wazee waligusa kiini cha hadithi. Kila mtu mzima aliye karibu na Alex ana mpango naye. Aliyemlea alimwandaa bila kumwambia, waliomwajiri ami wake wanamshika kwa vitisho, na tajiri anayetoa zawadi kwa watoto anataka wafe. Vifaa vya kijasusi, farasi na helikopta ni sukari ya juu. Riwaya inampa msomaji nafasi ya kuuonja uchungu ulio chini, hasa katika kurasa za mafunzo ya kijeshi, ambako wanajeshi wazima wanamdharau mtoto. Filamu ina uchungu huo huo, ila inaupitisha haraka, tena muziki ukiwa juu.

Hata neno la kumwita Alex lina uzito katika hili. Nilijaribu matatu. Kachero kwa watu wetu ni askari asiyevaa sare, anayemtafuta mwizi. Jasusi ni wa upande wa adui. Wetu hatumwiti jasusi. Mpelelezi ndilo neno lililopandishwa hadhi na Willy Gamba, mhusika wa marehemu Elvis Musiba, na mzee yeyote aliyesoma hadithi zile ujanani hukaa sawa akilisikia. Lakini Willy Gamba ni mtu mzima aliyechagua kazi yake. Nikimwita Alex mpelelezi nimempa heshima na kumwondolea malalamiko yake. Mwishowe nilimwacha awe "mtoto" katika midomo ya Blunt na watu wake, na "mpelelezi" pale tu anapojitaja mwenyewe.

Kuhusu kompyuta za bure nitasema kidogo. Mwalimu mmoja aliyekuwepo alisema shule yake iliwahi kupokea kompyuta za msaada na hakuna aliyeuliza ndani mna nini. Nami nilijifunza kutosema "virusi" peke yake, kwa sababu nusu ya ukumbi walidhani ni vile virusi vya kuharibu mafaili. Nikasema "vijidudu vya ndui", na wakongwe wenye chale za chanjo mikononi wakaelewa papo hapo.

Filamu hiyo iligharimu takriban dola milioni 40 na mapato yake ya dunia nzima hayakufika hapo, kwa hiyo mwendelezo uliotarajiwa haukuja. Mwaka 2020 ikaanza tamthilia ya televisheni, Alex akiwa Otto Farrant, na waandaaji wakaanzia kitabu cha pili badala ya cha kwanza. Yule binti wa kidato cha tatu aliona vipande vyake kwenye simu, akaja kuniambia, "Huyu mkubwa kidogo, lakini huyu anaogopa." Nimevitazama. Rangi ni za kijivu, watu wanaongea polepole, na vitisho vya Blunt vinaachwa vikae. Watoto wa mchana sidhani kama wangemaliza kipande kimoja. Wazee wangemaliza vyote.

Likizo ya Desemba nitaionyesha tena ile ya 2006, maana wameiomba. Tafsiri nimeibadilisha mahali pawili. Mwanzoni, helikopta inapotokea, sitatangaza tena kwamba huyu ndiye ami yake Alex. Nitaacha mtoto aendelee kusoma insha yake darasani, na anayejua ajue mwenyewe. Na pale ofisini kwa Blunt, jina la Jack likitajwa, nitashusha sauti ya picha yote pamoja na muziki, nimtafsiri Blunt kwa sauti ya chini kabisa, kisha ninyamaze mpaka Alex ajibu. Nimeshajaribu juzi na watoto wanne wa jirani. Mmoja aliacha kutafuna, akaniuliza, "Anko, na Jack akiondoka, nani atampikia?"