Kabimazole haijamletea mama yako kansa

Wiki hii tena kijana kaja dirishani kwetu maabara, hapa Mbeya, kakunja majibu ya mama yake mkononi: "Dokta, dawa ya rovu mliyompa imemletea kansa." Majibu hayo, ya seli zilizovutwa kwa sindano kutoka kwenye rovu lake, niliyaandika mimi. Yanasema "viini visivyo vya kawaida", yaani viini vya hizo seli. Neno kansa halimo.

Kabimazole, dawa ya tezi iliyozidisha kazi, inaizuia thairoidi, tezi ya shingoni, kutumia iodini kutengeneza homoni. Homoni ikishuka mno, TSH, homoni ya kutoka ubongoni inayoiamuru thairoidi, inapanda na kuichapa tezi ifanye kazi. Seli zinaongezeka, zinarefuka, zinajikunja vidole vidole. Iodini ya mionzi, tiba nyingine ya tezi hiyo, ambayo wengi wa huku huifuata hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, inavuruga viini zaidi, na vinaweza kubaki hivyo kwa miaka.

Sasa linalonichosha: ukubwa wa kiini. Kila anayechungulia hadubini akiona kiini kikubwa cheusi anashtuka. Jamani! Kwenye tezi iliyokunywa dawa, majitu hayo yametawanyika, moja hapa, jingine kule, katikati ya majirani waliotulia. Kansa ya papilari, aina ya kansa ya thairoidi inayoonekana zaidi, ina adabu ya kutisha: viini vinafanana, vimepauka, vimebanana hadi vinapandiana, vina mfereji kama wa punje ya kahawa ya Mbozi, na vingine vina kitundu kinachoonekana kama kimetobolewa katikati. Mfereji mmoja mmoja nao haunitoshi, maana hata tezi isiyo na kansa huwa nao.

Halafu fomu inakuja imeandikwa "rovu, ?kansa", basi. Huku nyanda za juu rovu la upungufu wa iodini limezoeleka mno, hata anayejaza haoni haja ya kusema hili ni la tezi iliyozidisha kazi, na mgonjwa yuko kwenye dawa. Andika dawa, dozi, na tangu lini. Andika na mionzi kama alipata.

Hata ukiandika, kuna slaidi zinanishinda. Dawa haiikingi tezi na kansa, na uvimbe halisi unaweza kujificha humohumo. Hapo naandika Bethesda III, yaani daraja la "sina uhakika", naomba sindano irudiwe, na mwenzangu akiangalia slaidi ileile anaweza kusema tofauti.

Ila mama asiache dawa kwa sababu ya karatasi yangu. Tezi iliyochachamaa ikikatiziwa dawa ghafla, moyo unaweza kwenda mbio hadi alazwe, wakati kansa ya papilari, hata ingekuwepo, mara nyingi hukua polepole.