Hita ya maji ya gesi: dirisha si tundu la hewa

Mtu akinunua hita ya gesi ya papo hapo, ile ndogo ya lita 6 kwa dakika, huuliza mtungi wa kilo 6 utakaa siku ngapi. Hewa ya kuunguzia gesi hiyo itatoka wapi, haulizi. Fundi naye mara nyingi hafiki huko: anapima ukuta, anatoboa, anaunga mpira, maji yanatoka moto, analipwa, anaondoka.

Tuanze na hesabu. Hita ya lita 6 ina nguvu ya kilowati 10 hadi 12. Kwa kilowati 12 inakula karibu kilo 0.9 ya gesi kwa saa. Kilo moja ya gesi ya mtungi inataka mita za ujazo 12 hadi 13 za hewa ndipo iungue yote, na hiyo ni hewa ya usawa wa bahari. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 19, kwa hiyo hita hiyohiyo inataka kama mita za ujazo 15 kwa saa. Bafu la mita 1.5 kwa 2, lenye dari la mita 2.5, lina mita za ujazo 7.5 tu. Ukilifunga kabisa na moshi ukabaki ndani, oksijeni inashuka kutoka asilimia 21 hadi 18 ndani ya dakika nne au tano. Bado hujaanza kuosha kichwa.

Asilimia 18 ndipo mambo yanapoharibika. Moto ukikosa oksijeni hauzimiki hapo hapo. Unaendelea kuwaka vibaya na kutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Halafu hita inavuta tena hewa ileile chafu, na kila mzunguko unakuwa mbaya kuliko uliotangulia. Ile harufu ya gesi mnayoijua imetiwa kwenye mtungi ili uvujaji utambulike. Ikishaungua haipo, kwa hiyo pua haitakusaidia. Mtu anasikia kichwa kinauma na miguu inalegea, anadhani ni mvuke.

Najua jibu: "Bafu letu lina dirisha." Limuru, Eldoret au Mbeya mwezi wa Julai, nani anaoga dirisha likiwa wazi? Dirisha linalofungika lisihesabiwe. Kinachohesabiwa ni tundu la kudumu ukutani, lisilo na kifuniko wala kitasa.

Kwa vipimo natumia NFPA 54, kanuni ya Marekani ya kufunga vifaa vya gesi, kwa sababu inatoa namba zinazopigika kwa kikokotoo. Matundu ni mawili: moja ndani ya sentimita 30 kutoka darini, jingine ndani ya sentimita 30 kutoka sakafuni. Yakitoka moja kwa moja nje, kila moja liwe na sentimita za mraba 5.5 kwa kila kilowati. Kilowati 12 ni sentimita 66 za mraba kila tundu, na mimi kwa nyanda za juu naongeza hadi 100. La chini lina kazi ya pili: gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatuama sakafuni na inahitaji njia ya kutokea.

Hapa ndipo wengi wanapokosea: hizo sentimita ni za uwazi halisi. Luva, yaani vibao vya mshazari vinavyofunika tundu, zikiwa za chuma huhesabiwa kuwa na uwazi wa asilimia 75, za mbao 25. Tundu la sentimita 66 likiwekwa luva za mbao linapaswa kukatwa kama sentimita 264 za mraba. Na wavu wa mbu? Vitundu vyake ni vidogo mno. Baada ya miezi michache vumbi na nyuzi za taulo vimeuziba kama blanketi. Tumia wavu wa tundu la milimita 6 au zaidi, uusafishe kwa brashi. Mbu watapita, ndiyo. Wekeni chandarua kitandani.

Ukitaka kuchota hewa chumba cha pili, masharti ni makali zaidi. Nafasi yote kwa pamoja ifike mita za ujazo 4.8 kwa kilowati, yaani karibu 58 kwa hita yetu, na kila tundu kati ya vyumba lisipungue sentimita 645 za mraba. Bedsita, yaani nyumba ya chumba kimoja, ya mita 3 kwa 3.5 haifiki hata nusu ya ujazo huo. Msihangaike nayo.

Matundu hayaondoi haja ya bomba la moshi. Hita yenye bomba linalotegemea moshi kupanda wenyewe hushindwa na feni ya kunyonya hewa: feni ikiwashwa, moshi unarudi ndani. Pima hivi. Kwanza kagua uvujaji kwa maji ya sabuni kwenye maungio. Funga madirisha na milango, washa kila feni ya nyumba, endesha hita dakika kumi, kisha shika kijiti cha udi kinachofuka kando ya sehemu moshi unapoingilia bombani. Udi ukivutwa ndani, sawa. Ukisukumwa usoni kwako, zima. Bomba lisitokee kwenye lile shimo la hewa katikati ya ghorofa. Utakuwa umempelekea moshi jirani wa juu.

Moto wa njano au masizi kwenye mapezi ya hita (vile vibati vyembamba juu ya moto) ni dalili mbaya. Chanzo huwa kichomeo kilichojaa vumbi au regyuleta ya presha kubwa iliyofungwa badala ya ile ya milibari 28 hadi 30. Lakini moto wa bluu si cheti cha usalama.

Rai yangu: hita yenye bomba la kawaida isikae bafuni kabisa. Uingereza hairuhusu bafuni ila ile iliyofungwa kabisa, inayovuta hewa nje na kutoa moshi nje kwa bomba lake la tabaka mbili. Kwetu, njia rahisi ni kuifunga ukuta wa nje chini ya paa dogo, na kupeleka maji moto ndani kwa bomba. Balkoni iliyozibwa kwa vioo si nje.

Kengele ya kaboni monoksaidi iwe ya kiwango cha Ulaya cha EN 50291: hulia ndani ya dakika tatu gesi hiyo ikifika chembe 300 kwa kila chembe milioni za hewa. Usiichanganye na kengele ya gesi inayovuja, ambayo hufungwa karibu na sakafu. Hii ya kaboni monoksaidi iwekwe juu, chumbani au ukumbini, mbali na mvuke wa bafu.