Mtoto akiandika 35 badala ya 25

Mpe mtoto wa miaka minane hesabu hii: 52 kutoa 27. Wengi watapata 25. Lakini haliko darasa ambalo halina mtoto atakayeandika 35, na ukimuuliza amefikaje hapo hasiti: saba kutoa mbili tano, tano kutoa mbili tatu. Mwalimu mwenye rundo la madaftari mbele yake huweka alama ya kosa na kwenda ukurasa unaofuata. Kazi yangu ni kuwaandaa walimu, na hapo ndipo ninapowasihi wasimame. Jibu hilo moja linakueleza zaidi kuhusu mtoto huyo kuliko vema zote za ukurasa ule.

Hakubahatisha. Ana kanuni yake: katika kila safu, toa tarakimu ndogo kwenye kubwa. Huenda kanuni hiyo aliijenga juu ya maneno ya mwalimu mwenyewe, aliyemwambia zamani kwamba kubwa haitoki kwenye ndogo. Mwaka 1978 watafiti John Seely Brown na Richard Burton walionyesha kwamba makosa mengi ya watoto katika hesabu za kutoa yana utaratibu. Ukiishaijua kanuni ya mtoto unaweza kutabiri atakachoandika. Mpe huyu 41 kutoa 19, ataandika 38. Sasa mpe 68 kutoa 23. Atapata 45, atawekewa vema, na hakuna atakayejua kwamba kanuni mbovu bado ipo kichwani.

Walimu wengi wanamjua mwanasaikolojia Jean Piaget kwa hatua zake nne za ukuaji wa fikra za mtoto, walizozikariri ili wafaulu mtihani wa saikolojia ya elimu. Ni jambo la kusikitisha, kwa sababu safari yake ilianzia kwenye makosa kama haya. Karibu na mwaka 1920, akiwa Paris, alipewa kazi ya kuwapima watoto kwa maswali ya kufikiri. Kilichomshughulisha si nani amepata na nani amekosa; aliona kwamba watoto wa umri unaokaribiana wanakosa kwa namna inayofanana. Akaanza kuwauliza kwa nini wamejibu hivyo. Kwangu mimi, huo ndio urithi wake mkubwa kwa mwalimu, hata kuliko hatua zenyewe.

Maana hatua zile zikishikwa vibaya zinadhuru. Piaget alisema kuanzia miaka 2 hadi karibu 7 mtoto hutawaliwa na kile anachokiona: panga safu mbili za vifuniko vilivyo sawa kwa idadi, kisha zitanue nafasi katika safu moja, naye atakuambia hiyo ndefu ina vifuniko vingi zaidi. Ni kweli, wengi watasema hivyo. Lakini mwaka 1974 James McGarrigle na Margaret Donaldson walirudia jaribio hilo kwa mabadiliko madogo. Safari hii aliyevuruga safu alikuwa mwanasesere mtundu wa dubu, si mtu mzima anayeuliza swali lile lile mara mbili. Watoto waliojibu kwa usahihi wakaongezeka sana. Fikiria mwenyewe: mtu mzima akipanga vitu upya kwa makusudi halafu akarudia swali, mtoto hudhani anatakiwa abadilishe jibu. Kwa hiyo ninaposikia mwalimu akisema "umri wake bado, hawezi", huwa nauliza kwanza alimuulizaje.

Turudi kwa mtoto wetu wa 35. Kumwambia "umesahau kukopa" hakumsaidii, kwa sababu hajasahau kitu. Kwake 52 ni 5 na 2 zilizokaa jirani. Anahitaji kuiona hamsini. Mpe mafungu matano ya vijiti kumi kumi na vijiti viwili vya pembeni, umwambie atoe ishirini na saba. Mafungu mawili ataondoa mara moja. Kisha atafika kwenye saba, ataona ana vijiti viwili tu, atakwama. Nyamaza. Hapo ndipo elimu inapotokea, na ndipo walimu wengi tunaposhindwa kuzuia mikono yetu. Mtoto atakapofungua fungu mwenyewe na kupata vijiti kumi na viwili, kukopa kutakuwa jambo alilolifanya kwa mikono yake. Mwanasaikolojia Jerome Bruner alieleza kwamba ujuzi hushikwa kwa kutenda, kwa picha na kwa alama. Basi kabla ya kurudi kwenye tarakimu, achore mafungu yale. Na siku ya tarakimu, vijiti vibaki mezani: kila mstari anaouandika auoneshe pia kwa vijiti. Ukiruka hatua hii ya kuunganisha, vijiti vinakuwa mchezo na hesabu inabaki vilevile.

Akikwama zaidi, nimsaidie kiasi gani? Mwanasaikolojia Lev Vygotsky, aliyefariki mwaka 1934 akiwa na miaka 37 tu, alituelekeza tuangalie nafasi iliyopo kati ya kile mtoto anachoweza peke yake na kile anachoweza akisaidiwa. Msaada wa kwanza uwe swali: "Una vijiti vingapi? Vingine viko wapi?" Akishindwa, mfanyie mfano mmoja mzima ukisema kwa sauti unachofikiri. Wa pili fanya nusu, yeye amalizie. Wa tatu aufanye wote. Jambo gumu ni kuondoa msaada. Mtoto anayepata kila hesabu ukiwa umesimama mezani kwake bado hujajua anaweza nini.



Kinachopuuzwa zaidi ni kurudi baada ya muda. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu maandishi wasome; wengine wakayarudia kuyasoma, wengine wakajaribu kuyakumbuka bila kuyatazama. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojaribu kukumbuka waliwapita. Hawakuwa watoto wadogo, lakini ninachokiona madarasani kinafanana. Basi wiki inayofuata, kabla ya somo jipya, andika ubaoni hesabu chache bila kurudia maelezo, na moja iwe 403 kutoa 178. Atakayeandika 375 amerejea kwenye kanuni yake ya zamani, arudi kwenye mafungu. Atakayeandika 325 anajua kukopa, ila ameigeuza sifuri kuwa tisa bila kuipunguza nne. Huyo mpe fungu la mia moja alifungue, umwulize limetoka wapi.