Intafesi ni nini, na kwa nini bagi (makosa ya kwenye programu) zinapenda kukaa hapo

Watu wengi wakisikia intafesi wanafikiria vitufe na rangi za kwenye skrini tu, kumbe hicho ni kipande kimoja. Intafesi ni popote pale ambapo sehemu mbili za sofwea zinakutana na kupeana kitu, iwe programu na programu au programu na mtu. Yani ni makubaliano: mimi nitakupa namba ya aina hii, kwa kipimo hiki, na wewe utaielewa hivyo hivyo.

Mfano ambao kila anayeandika kodi za programu anatakiwa aujue ni Mars Climate Orbiter, chombo cha NASA, shirika la anga la Marekani. Ilirushwa Desemba 1998, ikapotea 23 Septemba 1999 ndo inafika sayari ya Mars. Programu moja ya huku duniani, iliyotengenezwa na kampuni ya Lockheed Martin, ilikuwa inaandika kwenye faili msukumo wa injini ndogo kwa vipimo vya paundi (paundi ya nguvu, sio ya hela), alafu programu ya upande wa pili inasoma faili hilo hilo ikijua ni nyutoni (kipimo cha nguvu cha metriki, paundi moja ni karibu nyutoni nne na nusu), basi kila msukumo ukahesabiwa mdogo karibu mara nne na nusu, kidogo kidogo kwa miezi, mpaka chombo kilichotakiwa kupita kama kilomita 226 juu ya Mars kikapita kwenye kama 57.

Na makubaliano yaliandikwa kabisa, yalisema nyutoni! Ila faili lilibeba namba tupu bila kipimo chake, na namba tupu haina cha kuizuia isisomwe vibaya. Waongozaji wa chombo waliona mapema hesabu haziendani, suala likaishia kwenye imeili.

Ndo maana mi sikubali mtu akisema dizaini ya intafesi ni urembo. Fankisheni (kipande cha kodi kinachofanya kazi moja) inayopokea namba yoyote itapokea na makosa, lakini ukiidai ipokee aina maalum ya data, tuseme NyutoniSekunde (msukumo kwa nyutoni), basi kwenye lugha zinazokagua aina za data mapema ukiipa paundi kodi inagoma hata kabla haijaanza kukimbia. Ukituma hela kwa simu ukaonyeshwa jina la mpokeaji kabla haijaenda, ni kitu hicho hicho, umepewa nafasi ya kuona kosa.

Testi nazo zifike kwenye maungio. Kutesti kila kipande peke yake hakutoshi, maana paundi zilikuwa sahihi kwa paundi. Chukua msukumo ambao jibu lake unalijua, uingize programu ya kwanza, uache upite kwenye faili halisi, alafu uangalie njia ya chombo inayotoka mwisho.