Boti ya zamani ya faiba: anza na nyundo, injini itasubiri

Boti ya tanga ya faiba iliyoundwa miaka ya 1970 mara nyingi ina ganda (mwili wa nje wa boti) nene na zima. Wakati huo waundaji walikuwa bado wanajifunza kiasi gani cha faiba kinatosha, na wengi wao waliongeza tabaka kwa kuhofia kupunguza. Kwa hiyo kinachochoka kwanza huwa si ganda. Ni vile vilivyofungwa kwenye ganda: mbao zilizofichwa ndani ya sitaha, bolti za mkuku (uzito mrefu ulio chini ya ganda), mabamba yanayoshika waya za mlingoti, mhimili wa usukani. Mnunuzi akivijua hivyo, nusu siku inamtosha kukataa boti mbovu kabla hajamlipa mkaguzi wa vyombo. Vifaa ni vichache: nyundo ndogo yenye kichwa cha plastiki, tochi, kioo kidogo, kisu butu na kitambaa.

Sitaha ianze. Katika boti nyingi za umri huu sitaha ni tabaka mbili nyembamba za faiba, na katikati yake kuna mbao ya balsa au plaiwudi. Kila bolti iliyopita humo ni tundu, na lakiri inayoziba tundu hilo hufa baada ya miaka. Maji hupenya polepole, mbao inaloa, inaoza, na tabaka mbili zinaachana. Gonga kwa nyundo kila baada ya upana wa vidole vitatu, ukizunguka nguzo za ulinzi, winchi, madirisha na mguu wa mlingoti. Palipo pazima hulia kavu na kali. Palipooza hulia zito, kama unagonga kitabu kilicholoa. Tembea pia ukikanyaga kwa kisigino, usikie kama panabonyea au panatoa mlio. Kipima unyevu kinasaidia, ila kisiaminiwe peke yake: sitaha iliyonyeshewa asubuhi, tangi la maji au bamba la chuma upande wa chini vyote hukidanganya. Eneo bovu la ukubwa wa sahani hutengenezeka. Nusu ya sitaha ikilia zito, kazi hiyo inaweza kuzidi thamani ya boti.

Kisha fuata maji yanakoelekea. Waya zinazousimamisha mlingoti hushikwa na mabamba ya chuma kisichoshika kutu, ambayo hupenya sitaha na kufungwa kwa bolti kwenye kuta za plaiwudi ndani. Jina la chuma hicho limewaponza wengi. Kinapokaa ndani ya maji yasiyo na hewa, yaani pale pale kinapopenya sitaha, hupoteza ile ngozi yake ya kinga na kuliwa kwa ndani kupitia nyufa ndogo, huku sehemu inayoonekana ikiendelea kung'aa. Tafuta mchirizi wa kahawia ukutani, kisha dunga plaiwudi kwa kisu chini ya bamba. Kisu kikiingia, ukuta umeoza. Boti inayotakiwa kwenda mbali ing'olewe walau bamba moja, lile lenye dalili mbaya zaidi, litazamwe kwa kioo cha kukuza. Waya zenyewe hubadilishwa baada ya miaka 10 hadi 15 hivi, na uzi mmoja uliokatika unatosha kuihukumu waya nzima. Kuutafuta uzi huo, pitisha kitambaa juu ya waya kinase, si kidole.

Mkuku wa risasi au chuma uliofungwa kwa bolti unahitaji subira. Boti ikiwa nchi kavu, itazame sehemu ya mbele ya ungio la mkuku na ganda. Ufa mwembamba wa rangi ni jambo la kawaida. Ufa unaotoa maji ya kutu siku kadhaa baada ya boti kupandishwa ni jambo jingine. Kisha ingia ndani uangalie ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ambako maji hukusanyika, hasa nyuma ya mkuku: chombo kinapopanda mwamba, mkuku husukumwa nyuma, na ukingo wake wa nyuma hupiga sakafu kwa juu. Viungo vya faiba vilivyoachana hapo, au matengenezo mapya yaliyopakwa rangi peke yake katika ngama chafu, ni sababu ya kuuliza maswali. Cheeki Rafiki, boti ya futi 40 yenye neno la Kiswahili katika jina lake, ilipoteza mkuku katika Atlantiki Mei 2014 na watu wake wote 4 wakapotea. Wachunguzi wa Uingereza waliona kwamba huenda kupanda mwamba mara kadhaa, na matengenezo yaliyofuata, vilidhoofisha mahali mkuku ulipofungwa. Boti hiyo haikuwa hata na umri wa miaka 10.

Usukani ushikwe nchani na kutikiswa. Kulegea kwa milimita chache ni beringi iliyolika. Kugonga kwa ndani, huku mhimili ukiwa umetulia, ni vyuma vilivyoachia ndani ya povu gumu linalojaza usukani.

Malengelenge chini ya mstari wa maji huwatisha wanunuzi kupita kiasi. Ni maji yaliyopenya na kuchanganyika na kemikali za resini, ile gundi inayoshika faiba. Ukitoboa lengelenge, hutoka majimaji yenye harufu ya siki. Yakaguliwe boti ikitoka tu majini, kwa sababu yakikauka hunywea. Machache ni hoja ya kupunguza bei.

Valvu zinazofunga matundu ya ganda chini ya maji hazina msamaha. Kila moja igeuke kwa mkono. Shaba iliyogeuka rangi ya waridi imepoteza zinki na itavunjika kama biskuti. Tundu la milimita 38 lililo sentimita 60 chini ya maji huingiza takriban lita 140 kwa dakika, na pampu nyingi za ngama hazifui dafu hapo.

Injini ya dizeli iwashwe ikiwa baridi. Mwenye boti akiwa ameshaipasha, rudi siku nyingine. Ipewe gia na mzigo kwa nusu saa ikiwa imefungwa gatini. Moshi mweusi usiokoma, au maji machache ya kupozea yanayotoka kwenye eksosi, mara nyingi hutokana na kiwiko cha eksosi kilichojaa masizi na chumvi.

Sasa swali la pwani au bahari kuu. Boti zilizouzwa Ulaya baada ya Juni 1998 zina bamba la daraja: A ni kwa upepo unaozidi nguvu 8 katika kipimo cha Beaufort na mawimbi yanayozidi mita 4, B ni hadi hapo, C hadi nguvu 6 na mita 2. Za zamani nyingi hazina bamba hilo, hivyo mnunuzi apime mwenyewe: je, kizingiti cha mlango kiko juu kiasi cha kuzuia maji yakijaa eneo la usukani? Mifereji ya kuyatoa ni mikubwa? Betri na jiko vimefungwa vya kutosha boti ikipinduka? Kwa safari za mchana pwani, waya za miaka 12 zinaweza kukaguliwa na kuvumiliwa. Kwa wiki tatu baharini, hapana.

Mwisho ipeleke baharini penye upepo wa noti 15 hivi, ikaze joshi, yaani iende karibu na upepo unakotoka, saa nzima. Waya za upande wa demani (upande upepo unakoelekea) zikilegea hadi kuning'inia, mlango wa chooni ukigoma kufunga, ganda linajipinda. Kabla ya kushuka, fungua ngama na uonje maji kwa ncha ya kidole, kama hayana mafuta: matamu yametoka tangini au kwenye mvua kupitia sitaha, ya chumvi yametoka chini.